Kichupa Chenye Jina la Tasleem

Niseme mapema ili nisisumbuliwe baadaye: jina lile niliandika mimi, kwa kalamu yangu, na nilijua ni la uongo. Kijiji kizima cha Basti Sohara kinamlaumu Bi Nasiban. Ni rahisi kumlaumu, kwa kuwa ana ulimi, na mwenye ulimi hata asipotenda huambiwa katenda. Lakini mwandiko ni wangu.

Nimemjua miaka ishirini na miwili, tangu nilipoolewa hapa nikitokea Multan na kupewa kazi ya afya ya kijiji, yaani chanjo, vidonge vya wajawazito na kupima watoto uzito. Yeye ndiye aliyekuwa akituokea mikate mtaa mzima. Saa kumi jioni wanawake walibeba unga uliokandwa mpaka kwenye tanuri lake lililofukiwa ardhini, naye aliubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri kwa kiganja kitupu, mkono ukizama motoni hadi kiwikoni. Ujira wake ulikuwa donge moja la unga katika kila kumi. Nyusi ya kulia hakuwa nayo. Iliungua zamani na haikuota tena.

"Unga huu umeukanda au umeuomba samahani?" aliniuliza siku ya kwanza. "Msichana wa mjini, mikono ya pamba."

Wanawake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilimchukia kwa mwaka mzima. Kisha mwanangu wa kwanza aliugua nimonia, na yeye ndiye aliyekaa nami siku tatu bila kusema lolote la kuchoma, jambo ambalo kwake lilikuwa kama kufunga saumu.

Aliolewa ana miaka kumi na sita, na mtoto wa ami yake. Mama yake naye aliolewa na wa ami yake, na bibi yake vilevile. Huku kwetu msichana kutolewa nje ya ukoo ni kama kumwaga maziwa barabarani. Mumewe, Ghulam Rasool, aliumwa na nyoka kwenye zamu ya kumwagilia shamba, akamwachia watoto watatu: Mureed wa kiume, na mabinti wawili, Tasleem na Shamim.

Mureed ni kiziwi. Walijua akiwa na miaka miwili, kwenye harusi moja, bunduki za furaha zilipolia juu ya paa. Watoto wote walikimbilia mapajani mwa mama zao. Yeye akaendelea kuchezea udongo. Bi Nasiban alimpeleka kwenye makaburi manne ya mawalii. Alimtia mafuta ya haradali ya moto masikioni mpaka ngozi ikababuka. Alipomaliza yote hayo alimfundisha kazi ya kukata mabua ya pamba kwa ajili ya tanuri, wakatunga lugha yao ya mikono, na akaacha kulia. Hakuwa peke yake. Katika nyumba zetu tisini kulikuwa na viziwi kumi na mmoja, na watu walisema ni maji ya kisima, ni jicho la husuda, ni kiapo cha babu fulani.

Mureed alikua kijana mrefu, mpole, mwenye kucheka kwa upande mmoja wa mdomo. Alipofika miaka ishirini na sita, wenzake wote walikuwa na watoto, na yeye alikuwa akiwabeba watoto hao mabegani. Hakuna aliyekuwa tayari kumpa binti. Kiziwi hapati mke hapa ila kwa kubadilishana: nikupe wangu, unipe wako. Desturi hiyo ina sharti moja ambalo hata mtoto analijua. Linalompata huyu linampata na yule. Ukimpiga wangu, wako atapigwa. Ukimrudisha wangu, wako naye atarudi siku hiyohiyo, hata kama alikuwa akipendwa kama mboni ya jicho.

Mtu pekee aliyekubali kubadilishana na nyumba ya Bi Nasiban alikuwa kaka yake wa damu, Karim Bakhsh, anayekaa ng'ambo ya mfereji. Binti yake Kaneez aje kwa Mureed. Tasleem aende kwa mwanawe Ramzan. Hebu litazameni jambo hili vizuri, maana mimi nililitazama nikachelewa. Uziwi ulimnyima kijana mke wa mbali, kukosa mke wa mbali kukawarudisha kwenye damu ileile, na damu ileile ndiyo iliyoleta uziwi. Mtego huo ulitegwa kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa.

Mwaka huohuo, pamba ilipokwisha kuchumwa, walikuja madaktari kutoka Multan wakitafuta vijiji vyenye viziwi wengi. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, Daktari Mehreen, mwenye sauti ya chini na viatu visivyofaa kwa matope yetu. Nilimpeleka kwenye tanuri, kwa kuwa habari ikisemwa pale haihitaji kusemwa tena.

Aliketi kwenye kitanda cha kamba, akaonyesha ukuta unaotenga ua wa Bi Nasiban na wa jirani. Una kidirisha kisichozidi ukubwa wa sinia.

"Mama, hicho ni cha nini?"

"Cha kupitishia bakuli," alisema Bi Nasiban. "Jirani ana mboga, mimi nina mtindi. Au unataka tuzunguke barabarani tukaguliwe na kila mwanamume mwenye macho?"

"Basi mwili nao umejengwa hivyohivyo. Mwili ni nyumba ndogondogo nyingi, zinaitwa seli. Kati ya seli na jirani yake pana vidirisha vidogo mno. Kila seli hujenga nusu yake, na nusu mbili zikikutana, njia hufunguka. Humo hupita chumvi, chakula, hata habari. Moyo hupiga kwa pamoja kwa sababu ya vidirisha hivyo. Sikio nalo husikia kwa sababu hiyohiyo."

"Na la Mureed?"

"Sauti ikiingia, chumvi fulani huingia kwenye seli zinazosikia. Baadaye lazima iondolewe, ipokezwe jirani kwa jirani mpaka irudi ilikotoka. Kwa Mureed vidirisha vya sikioni vilikosewa kuchorwa, havifunguki. Chumvi hulundikana, seli za kusikia hufa. Kwa nje sikio ni zuri kabisa."

Bi Nasiban alipeleka mkate ndani ya tanuri, akautoa mwingine. "Kwa hiyo si kisima, wala si jicho."

"Si jicho. Mchoro wa vidirisha mtu hupewa mara mbili, mmoja na baba, mmoja na mama. Ukiwa na mmoja mzima, unatosha. Utasikia, utaolewa, utazeeka, wala hutajua kuwa umebeba mmoja mbovu. Lakini wabebaji wawili wakioana, kila mimba ni kura. Katika nne, moja mtoto hupata mibovu miwili."

"Na ndugu wa damu?"

"Ndugu wa damu mara nyingi wamerithi kwa bibi mmoja."

Mkate ulimponyoka ukaanguka majivuni. Sijawahi kuona tena jambo hilo. Jirani mmoja akamtania, "Leo Bi Nasiban anaoka mkaa," naye hakumjibu, hapo nikaingiwa na hofu.

Habari ilivuka mfereji kabla ya jua kuzama. Kesho yake Karim Bakhsh alifika na mkongojo wake, akaketi bila kuvua viatu.

"Nasiban, dada yangu, sisi ni tumbo moja. Lakini sitaingiza mtoto bubu nyumbani kwangu nikijua. Tasleem apimwe damu. Akiwa amebeba hicho kitu, kila mtu abaki na wake."

"Vizuri," alisema Bi Nasiban, na uso wake ulikuwa mwekundu kuliko siku za kuoka. "Kubadilishana ni kubadilishana. Ukimpima wangu, nawe mpime wako. Au Ramzan amezaliwa na malaika?"

"Atapimwa."

"Na Kaneez?"

"Kaneez hachomwi sindano. Nampa mwana wako kiziwi, bado unataka nimtoboe?"

Yakaisha hivyo. Tasleem atapimwa shuleni kwetu, Ramzan kwenye zahanati ya kwao.

Siku ya kupima walikuja watu wengi. Madaktari walikuwa wanachoma, mimi naandika majina kwenye vichupa. Walipofika kina Bi Nasiban, msichana aliyekuwa naye alijifunika shela mpaka macho, na hilo si ajabu hapa. Alikunja mkono wa kanzu, akaunyoosha mkono. Nilikuwa nimemchanja Shamim pepopunda mwezi uliopita kwenye mkono huohuo, na niliona baka jeusi la kuzaliwa chini ya kiwiko, kubwa kama punje ya dengu.

Niliinua macho. Bi Nasiban alikuwa amesimama nyuma yake.

"Andika, Naheed. Tasleem binti Ghulam Rasool."

"Bi Nasiban."

"Andika, mwanangu. Mureed ana miaka ishirini na sita."

Nikaandika.

Baadaye nilimuuliza kwa nini Shamim. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yanalowesha. Tasleem, alisema, ana paji la Mureed, macho ya Mureed, hata kucheka anacheka kwa upande kama Mureed. Shamim amefuata kwa baba. Aliamini kuwa ubovu hufuata sura, na kwa hiyo akatoa damu ya yule aliyefanana na marehemu. Nilikuwa na vyeti viwili ukutani kwangu na ningeweza kumwambia kwamba sura haina habari na vidirisha vya sikioni, na kwamba marehemu mwenyewe lazima alikuwa mbebaji, vinginevyo Mureed angesikia. Sikumwambia. Nilijidanganya kwamba Tasleem huenda naye ni msafi, na kwamba hata akiwa amebeba, kura haijapigwa.

Majibu yalikuja mwezi wa Januari, kwenye bahasha mbili. Tasleem, hana. Ramzan, hana. Daktari Mehreen alifurahi kweli. "Mwenyezi Mungu amewaonea huruma," alisema. Nilisaini kuwa nimepokea.

Harusi zote mbili zilifungwa siku moja, kabla ya ngano kukomaa. Kaneez alikuja kwetu akiwa na hofu usoni. Alikuwa ameambiwa viziwi hupiga wake zao kwa kuwa hawasikii kilio. Baada ya wiki mbili nilimkuta uani anafundishwa na Mureed ishara ya "chumvi imezidi", na alikuwa anacheka hadi machozi. Walipendana wale wawili, na sikuzoea kuona hapa mume akimkatia mkewe muwa. Bi Nasiban aliwatazama kutoka kwenye tanuri lake akinung'unika kwamba siku hizi vijana hawana haya. Alinenepa mwaka ule. Alianza hata kuimba, na hakujua kuimba.

Mimi ndiye niliyekuwa silali vizuri. Kila nikivuka mfereji kumpelekea Tasleem vidonge vyake, nilimwona tumbo limeongezeka, nami moyo ukapungua. Mimba ilipofika mwezi wa saba aliniuliza, akiwa anachambua dengu, bila kuinua kichwa:

"Dada Naheed, siku ile mama alinifungia ndani. Kwani damu ya Shamim na yangu si ni moja?"

"Ni moja," nilimjibu.

Akashukuru. Mpaka leo nasikia namna alivyoshukuru.

Mtoto alizaliwa Januari iliyofuata, msichana mwenye nywele nyingi, wakamwita Sumbal. Nilikuwepo. Alilia kwa sauti kubwa, na wanawake wakanipongeza kana kwamba nimemzaa mimi. Sikufurahi. Viziwi nao hulia.

Alipofika miezi mitatu nilimshawishi Tasleem tumpeleke Multan, nikisema ni desturi mpya. Ramzan alikuja nasi. Mtoto alipolala, fundi alimtia kizibo kidogo sikioni, akaangalia mashine. Akabadilisha sikio. Akabadilisha mashine. Kisha akamwita Daktari Mehreen, na wakachukua damu ya mtoto. Majibu ya damu tulipewa baada ya wiki tatu, chumbani kwa daktari, mlango ukiwa umefungwa.

"Ana mibovu miwili," alisema. "Sumbal hasikii. Yapo mambo ya kufanya, na nitawaeleza yote. Lakini kwanza hili. Kila mzazi ametoa mmoja. Karatasi zenu nyote wawili zilisema hamna." Alikuwa akisema nao, lakini macho alinikazia mimi. "Naheed, vichupa vya Basti Sohara uliandika wewe?"

"Ndiyo, Daktari."

"Uliwajua wote uliowaandika?"

Tasleem alikuwa amemfunika mtoto kwa shela kama anamkinga na upepo. Ramzan alitazama sakafu. Nilisema labda maabara ilichanganya. Daktari Mehreen alituambia, polepole, jambo moja zaidi: kwamba Mureed ana mibovu miwili, kwa hiyo mtoto wake yeyote, hata amzae na nani, atapokea mmoja, na hapo hakuna kura. Alijua Kaneez ana mimba ya miezi mitano. Akaomba Kaneez aletwe apimwe.

Hatukuwahi hata kuufikisha ujumbe huo. Siku ya pili Karim Bakhsh aliingia uani kwa Bi Nasiban na Tasleem nyuma yake, mtoto kifuani, furushi la nguo kichwani. Ramzan alifuata kwa mbali kama mtu anayekwenda mazishini. Ilikuwa saa za kuoka. Wanawake waliokota unga wao wakatoka, wakaenda kusikiliza upande wa pili wa ukuta.

"Chukua wako," alisema Karim Bakhsh. "Unirudishie wangu. Karatasi yako ilikuwa ya uongo."

Bi Nasiban alikuwa amepiga magoti kando ya tanuri. Hakuinuka. Kaneez alitokeza mlangoni mwa jiko, mkono tumboni, na rangi yote ilikuwa imemtoka usoni. Alikuwa ameelewa kabla ya sisi sote. Mureed aliacha mabua yake akasimama karibu naye, akitutazama midomo mmoja mmoja.

"Mjomba, usinifanyie hivi," alisema Tasleem.

"Nyamaza. Mama yako ameninyoa bila maji."

Hapo ndipo niliposema. Si ushujaa, nisisifiwe. Nilikuwa nimechoka kuogopa, na nilikuwa na hasira na mkongojo ule aliokuwa akiupigapiga chini.

"Ami Karim, ni kweli. Damu ile ilikuwa ya Shamim, na aliyeandika ni mimi. Lakini mama peke yake hawezi kumpa mtoto mibovu miwili. Mmoja umetoka kwa Ramzan. Na karatasi ya Ramzan ilisema hana."

"Maana yake nini?"

"Maana yake, kichupa cha kwenu kilikuwa na damu ya nani?"

Ni Ramzan aliyesema, kwa sauti ndogo.

"Alikwenda Sajjad. Mtoto wa kinyozi."

"Nani kakuuliza?" babake alifoka, lakini mkongojo ulikuwa umetulia.

Bi Nasiban alianza kucheka. Alicheka akiwa amepiga magoti, majivu usoni, akajishika tumbo, na kicheko kikageuka kilio bila kupumzika katikati. "Mama yetu," alisema, "mama yetu, Mungu amrehemu, alilea wajanja wawili." Kisha akajipiga kifua kwa kiganja kile kigumu, na ulisikika mshindo.

Mureed aligonga bega la mkewe. Akauliza kwa mikono: kuna nini? Kaneez hakuinua mikono yake. Akamwuliza mama yake. Akaniuliza mimi. Hakuna aliyemjibu.

Karim Bakhsh alikaa kwenye kitanda cha kamba. Alionekana amezeeka ghafla. Hangeweza tena kumrudisha Tasleem, na dada yake hangeweza kumlaumu. Kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake koo. Akainama. Alipoinua uso ulikuwa na upole, na upole ule ulinitisha kuliko mkongojo.

"Tumekoseana," alisema. "Damu ikikoseana hutengenezwa kwa damu, si kwa wageni. Sumbal hatachukuliwa na mtu wa nje, hilo tunalijua sote. Basi mtoto wa Kaneez akiwa mwanamume, Sumbal ni wake. Akiwa wa kike, tutangoja anayefuata. Nasiban, unasemaje?"

Nilimwangalia Bi Nasiban. Nilisubiri ulimi wake, ule ulimi ulionichoma miaka ishirini na miwili. Yeye alimtazama Kaneez, ambaye sasa hakuna wa kumwondoa pale, na Mureed, ambaye angebaki na mke wake. Alijifuta macho kwa ncha ya shela.

"Nasema Mungu akubariki, kaka."

Akaingia ndani akatoka na bonge la sukari guru kwenye sahani, akalivunja kwa jiwe. Akamlisha kaka yake kwa mkono, kaka akamlisha yeye. Akampa Ramzan. Akampa Tasleem, aliyekuwa akilia akitabasamu, kwa kuwa alikuwa hafukuzwi tena. Kaneez akapiga magoti akambusu baba yake mikono. Mureed, akiona watu wanakula sukari, akatabasamu naye kwa upande wake mmoja, akanyoosha kiganja apewe.

Sumbal ana mibovu miwili. Mtoto aliye tumboni mwa Kaneez anao mmoja bila kura. Hesabu iliyobaki, kwamba wakioana kura yao ni moja katika mbili au mbaya zaidi, hata mtoto wa shule angeifanya, na pale uani aliyeijua nilikuwa mimi peke yangu. Nikafungua mdomo niseme. Bi Nasiban alikuwa amefika mbele yangu, akanitia kipande cha sukari guru ulimini, akanishika shavu na kuniita mwanangu, nami nikatafuna.